Jiko Lilikuwa Limezimwa

Bi Rautio, mwendesha mashtaka, mpole kuliko nilivyomdhania,
ameliweka jiko letu mbele ya mahakama.
Si jiko lenyewe. Picha:
plati nne nyeusi, birika la kahawa,
swichi zote zimerudi kwenye sifuri.

"Mama yake yuko sakafuni," anasema,
"naye anazima jiko, anafuta viatu, anafunga mlango kwa ufunguo.
Hii ni mikono isiyo na mwenyewe?"

Mahakimu wanaandika.
Dirishani theluji ya Kemi inaishukia dohani ya kiwanda cha karatasi
nilikoacha miaka thelathini na moja na kidole kimoja.

Naitwa. Baba wa mshtakiwa, mume wa marehemu:
viti viwili, mtu mmoja wa kuvikalia.

Nasema, Mheshimiwa, kuhusu jiko.
Jouni alikuwa na miaka sita alipounguza uji.
Aulikki hakumchapa. Alikishika kidole chake,
akakitembeza swichi hadi swichi,
moja, mbili, tatu, nne, haya twende,
kila asubuhi, moja, mbili, tatu, nne,
mpaka mtoto akaota ndevu.
Umleavyo ndivyo akuavyo.
Aliyezima jiko siku ile ni Aulikki.
Alikuwa amelala pale chini, na bado anazima.

Bi Rautio akatazama karatasi zake kwa muda.

Kisha daktari Kivelä, kurasa sitini na mbili,
sauti kama ya mtu anayesoma ratiba ya treni:
alijua anaua; hakujua anamuua nani.
Mwezi wa Novemba aliingia nyumbani mwanamke
aliyevaa uso wa mama, sweta ya mama,
hata kile kikohozi chake cha alfajiri.
Wiki tatu kijana alimwuliza kwa adabu:
umemficha wapi?

Wakacheza simu aliyowapigia polisi.
"Yule mwanamke nimemwondoa.
Sasa njooni upesi, tumtafute mama."
Nilimsikia mwanangu akilia, na kilio kile
kilikuwa na matumaini ndani yake.
Hilo haliko kwenye kurasa sitini na mbili.

Wala hili haliko:
Oktoba, nikimwagilia maua, niliona vidonge kumi na kimoja
kwenye chungu cha jeranimu, vimevimba kwa maji.
Wiki ile alikuwa anacheka. Alikuwa ametengeneza taa ya baiskeli.
Nikavifukia kwa kidole,
hiki hiki kilichobaki karibu na kile kisichokuwepo,
nikanawa, nikaketi kula.
Walimpima yeye miezi miwili kama ana akili timamu.
Mimi ninazo. Hakuna aliyenipima.
Hakuna aliyeuliza, nami sikusema.

Hukumu: ametenda, hawajibiki.
Maneno matatu, na Tellervo, dada wa Aulikki,
akainuka akatoka, koti mkononi, kwenye baridi ile.
Hajanisalimu tangu siku hiyo. Simlaumu.
Alitaka dada yake awe ameuawa na mtu.

Jumapili napanda basi, saa tatu za misonobari,
hadi hospitali yenye madirisha yasiyofunguka.
Namletea biskuti za tangawizi, zile za duka, si zile.
Mara ya kwanza aliniuliza: amepatikana?
Mara ya pili: amepatikana?
Nikasema bado tunatafuta,
nikajichukia, nikala biskuti.

Kivelä anasema dawa zinaanza kumkaa,
siku yoyote atarudi.
Anasema kama mtu anayetoa habari njema, na ni habari njema,
na usiku naiomba isifike.

Leo nimemkuta mezani, mikono imelala mbele yake.
Anagusa vidole kwa kidole gumba.
Moja. Mbili. Tatu.
Akasimama hapo. Akaninyanyulia macho,
macho yake mwenyewe, ya zamani.

Leo hakuuliza.